Hela si yangu, na fungu la kumi nimeshalitoa

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala kizimba changu, maana hapa Mwaloni Kirumba tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka 41. Nanunua dagaa wanaoshushwa kutoka visiwani, nauza kwa wateja wa bara na wachache wa Congo. Mume wangu ni fundi mitumbwi, kazi zake nyingi ziko Igombe. Binti yetu mkubwa anasomea unesi kwenye chuo cha binafsi, wadogo zake wawili wako sekondari.

Machi ilinikuta vibaya. Mvua ilinyeshea mzigo wangu kwenye chanja siku tatu mfululizo, dagaa wakageuka rangi, nikawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nilikuwa na mkopo wa kausha damu, rejesho la kila siku, na wale vijana wa daftari walishaanza kunifuata hadi nyumbani. Chuoni nako wakasema bila ada binti hafanyi mtihani. Na mimi nilikuwa namdai mteja wangu wa Kahama 1,900,000. Kila nikimpigia, "kesho mama, kesho."

Ijumaa moja, kama saa nne asubuhi, ikaingia meseji ya benki: akaunti yangu imewekewa 6,400,000. Niliisoma mara tatu, kisha nikailaza simu kifudifudi juu ya gunia. Meseji haikuwa na jina la aliyetuma. Nikajiambia ni yule wa Kahama, amelipa deni na kutanguliza hela ya mzigo ujao, maana mwaka juzi aliwahi kunitangulizia, ingawa haikufika hata milioni. Nilitaka kumpigia kumshukuru. Shangazi, sikumpigia. Nilisema moyoni atakuwa kwenye shughuli zake.

Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda. Watu walilia. Nikatoa fungu la kumi, 640,000, na mchungaji akasema itasaidia mabati. Jumatatu nikawamaliza wale wa kausha damu, 1,300,000, nikachana na karatasi yao mbele yao. Ada ya binti 950,000. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nililala bila kushtuka usiku.

Wiki mbili na ushee baadaye mteja wa Kahama akanitumia 1,900,000 kwenye simu. Akaongeza na samahani, kwamba mama unisamehe nimekuchelewesha. Nilikaa chini palepale, juu ya ndoo. Nilijua. Lakini wiki hiyohiyo giza la mwezi lilikuwa limeingia, mitumbwi inarudi imejaa, bei imeshuka, na kila mtu ananunua. Nikatoa 1,400,000 kwenye ile ile hela nikachukua mzigo. Nusu ya magunia nimeshauza, nusu iko ghalani.

Wiki ya tano benki wakapiga. Nikakata simu. Kesho yake nikaenda tawi lingine nikatoa yote iliyobaki, 2,110,000. Nimeiweka nyumbani, mahali ninapopajua mimi tu. Ndipo wakaniletea barua: namba mbili zilipishana, hela ilikuwa ya mteja mwingine, niirudishe ndani ya siku 14. Nilipokwenda, ofisa mmoja akaropoka kwamba mwenyewe ni mzee wa visiwani, ameuza ng'ombe. Tangu hapo sina raha.

Nilipomwambia baba watoto alikasirika kwanza kwa kuwa nilimficha, kisha akasema: benki imekosea yenyewe, benki ina bima, ilipe yenyewe. Tupa laini, hela iliyobaki tumalizie kiwanja. Wakati huohuo kuna binti ananipigia usiku analia, anasema ndiye aliyekosea kuandika namba, wanataka kumkata mshahara au kumfukuza, nimtumie yeye angalau laki tano kwenye simu yake ili aanze kuziba.

Siku zilizobaki ni tisa. Je, hili deni ni langu au ni la aliyekosea? Je, nikamwambie mchungaji arudishe fungu la kumi? Na mimi ni mwizi, Shangazi? Hilo ndilo linaloniamsha.

Mama wa Mwaloni

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, naandika hesabu pembeni. Nitakueleza baadaye kwa nini. Kwanza niseme nilivyokuelewa: iliingia hela ambayo hukuitarajia, ikakukuta kooni umeshikwa, ukaitumia ukiamini kwamba inawezekana ni yako. Baadaye ukajua si yako, ukaendelea kuitumia. Sasa mwenyewe anaidai, mume anasema usilipe, binti wa watu analia, na Mungu umeshampa sehemu yake. Umeniuliza maswali matatu kana kwamba ni moja. Mimi nayaona yako mbalimbali, na nadhani kuyachanganya ndiko kunakokunyima usingizi.

La deni ndilo rahisi, ingawa halipendezi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa fedha kwa makosa anapaswa kuzirudisha. Haiulizi nani alikosea. Haisemi kwamba mwenye kosa akiwa tajiri, aliyepokea anasamehewa. Mimi nimekulia Igogo na nimeshaona makuli wakipakia gunia la mtu kwenye lori la mtu mwingine. Gunia lako likishushwa Kahama kwa makosa ya kuli, yule aliyelipokea akakwambia "mdai kuli", ungemjibu nini? Nakuuliza kwa sababu wewe unaijua biashara hiyo kuliko mimi na kuliko baba watoto, ambaye anaujua mtumbwi.

Na hilo la bima. Huenda benki inayo kweli, sijui ya aina gani. Lakini bima ikimlipa benki haigeuzi hela kuwa yako. Inabadilisha tu anayekudai. Baba watoto ana hasira, na hasira yake ninaielewa, alijua mwisho wakati kanisa zima lilishajua mwanzo. Huenda hata ushauri wake ni hasira hiyo inayozungumza. Umempa nafasi ya kukasirika kwa hilo peke yake, bila hela kuingia katikati?

Sasa, la wizi. Hapa sitakupa jibu la ndiyo au hapana, kwa sababu mwenye kulijua ni wewe, na nadhani umeshaliandika bila kukusudia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapozungumzia wizi inaangalia nia: mtu amechukua au amegeuza mali kuwa yake kwa hila, bila kuamini ana haki nayo. Kwa hiyo swali ni ulijua lini. Wewe umelitaja mwenyewe: siku ile ulipokaa juu ya ndoo. Kabla ya siku hiyo zilitoka 2,890,000, yaani sadaka, kausha damu na ada. Baada ya siku hiyo zilitoka 1,400,000 za mzigo, kisha 2,110,000 ulizozihamishia nyumbani baada ya simu ya benki. Kwenye deni yote ni mamoja, 6,400,000. Kwenye dhamiri na mbele ya mpelelezi si mamoja hata kidogo.

Lakini ngoja nikuchokoze kidogo, kwa upendo. Hata ile Ijumaa, uliilaza simu kifudifudi. Mtu aliyelipwa deni lake huwa anafanya hivyo? Mfanyabiashara wa Mwaloni akiingiziwa hela huwa anapiga simu kabla hajameza mate. Wewe hukupiga. Sisemi ulijua. Nasema huenda hukutaka kujua, na kati ya kutojua na kutotaka kujua kuna uwanda mpana, binadamu wengi tumeshawahi kuutembea. Mimi niliwahi kurudishiwa chenji iliyozidi dukani, nikagundua nikiwa nimefika stendi, nikajiambia daladala inaondoka. Ilikuwa bado inaita abiria.

Kwa upande mwingine, usijitwishe zaidi ya ulichobeba. Hukughushi kitu, hukumdanganya mtu, hukuomba hela hiyo. Kuna kisa cha Afrika Kusini ambacho wengi wanakikumbuka: mwaka 2017 mwanafunzi mmoja aliyestahili posho ya rand 1,400 aliingiziwa rand milioni 14. Alitumia zaidi ya laki nane kabla ya mambo kujulikana. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi ikampa miaka 5. Alipokata rufaa aliondolewa adhabu ya kwenda jela. Sheria zao si zetu, na kiasi chake si chako. Nimekitaja kwa sababu moja: kilichombana hakikuwa kupokea. Kilikuwa kuendelea kutumia kimya kimya.

Ndiyo maana kati ya yote uliyoniandikia, zile 2,110,000 zilizo nyumbani ndizo zinazonitia hofu zaidi. Hela yenyewe ipo, shida ni tarehe uliyoitoa. Mtu akiweka taarifa ya akaunti yako pamoja na tarehe ya ile simu, ataona benki imepiga jana, na leo salio limekauka. Ukifuata na la kutupa laini, ataona mtu anayekimbia, hata kama ndani yako ulikuwa unaogopa tu. Kuirudisha mapema, kwa risiti, kunaweza kuieleza tarehe hiyo kwa namna nyingine. Hata hivyo kuna mwenzako atakayekwambia usipeleke chochote kabla hujamwona mwanasheria, kwamba kulipa ni kukiri. Hana makosa sana. Kulipa ni kukiri deni, na ukiandika vibaya unaweza kukiri na lingine. Kwa hiyo maneno ya barua yana uzito. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure wasio na uwezo. Ulizia halmashauri ya Ilemela, kwa maofisa wa ustawi au maendeleo ya jamii, wakuelekeze. Siku tisa zinatosha kwa hilo, kama hutazimaliza kwa kulia.

Njia ambayo watu wengi huifuata ni kwenda na ndugu mmoja anayejua kusoma makaratasi, kupeleka kilichopo, na kuomba kilichobaki kilipwe kwa awamu kwa makubaliano ya maandishi. Benki inaweza kukubali kwa sababu kesi nayo ina gharama na aibu yake. Inaweza pia kukataa na kutaka yote. Inaweza kukupa awamu kubwa kuliko msimu wako, na wewe unajua kuna wiki za mbalamwezi ambazo mitumbwi inalala na hakuna dagaa wa kuuza. Waambie hilo. Omba awamu zifuate giza, zisifuate tarehe 30. Ukiona wanakuonea, kwa mfano wamekuongezea riba au tozo juu ya kosa lao, andika malalamiko kwao kwanza. Wasipokujibu vizuri, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi hapahapa Mwanza. Kitu kimoja tu nakuomba kwa magoti: usikope kausha damu ili ulipe. Utakuwa umemtoa nyoka mlangoni ukamwingiza dirishani.

Kuhusu binti anayelia usiku. Moyo wangu ulikwenda kwake, kisha ukarudi. Huenda ni yeye kweli. Vijana wa kaunta wanakatwa mshahara kwa makosa ya namba, na laki tano kwake inaweza kuwa kodi ya nyumba. Lakini sote tumeshapokea ile meseji ya "hela ile tuma kwenye namba hii". Umewahi kumwona uso? Alikutajia tarehe, kiasi, namba za akaunti? Na hata akiwa ndiye, hela uliyomtumia yeye kwenye simu yake binafsi inaweza isipunguze deni lako benki hata shilingi. Unaweza kujikuta umelipa laki tano mara mbili. Kama unataka kumsaidia, kuna namna ya kufanya hivyo bila kupitisha hela mkononi mwake: ukiwa tawini, mbele ya meneja, useme unarudisha, na uulize, kwa upole, kama kurudisha kwako kutamwondolea huyo kijana makato. Utaona kwenye macho yao kama yupo.

Yule mzee wa ng'ombe nakushauri usimtafute. Ofisa hakupaswa kukutajia. Benki inadaiwa naye moja kwa moja, iwe wewe umelipa au hujalipa, na huenda imeshamlipa. Lakini naona amekugusa kuliko barua ya siku 14, na hilo silidharau. Barua inadai kwa niaba ya benki. Mzee ana sura, hata usipoijua.

Tufike kanisani. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Kuna wanaoamini kilichokwishawekwa madhabahuni hakirudi. Kuna wanaoamini Mungu hapokei sadaka ya mali ya mtu mwingine, kwa hiyo hakikuwekwa. Sitakuamulia, wala mchungaji hawezi kukuamulia peke yake kama hela imeshakuwa mabati. Lakini naona swali lako halisi ni ule ushuhuda. Watu walilia. Kwenda kwa mchungaji ni kusema ile siku haikuwa vile. Unaweza kwenda bila kuomba hela irudi, umweleze tu, yeye aone. Unaweza kuomba irudi kidogo kidogo. Unaweza kunyamaza ulipe mwenyewe hizo 640,000 kutoka mfukoni mwako, na sadaka ibaki kuwa yako kweli. Wapo ambao wangelala vizuri zaidi hivyo. Hatari ya kunyamaza ni kwamba Mwaloni mnajuana kwa kikohozi, umesema mwenyewe, na habari ikifika kanisani kwa mdomo wa mwingine itafika ikiwa imevimba.

Sasa ile hesabu yangu ya pembeni. Umenihesabia kila shilingi ya ile 6,400,000, mpaka ya mwisho, na jumla inakaa sawa. Ukiacha mauzo ya ile nusu ya magunia, hela moja tu haina makazi kwenye barua yako: ile 1,900,000 ya Kahama. Iliingia kwenye simu, ukakaa juu ya ndoo, kisha ikapotea kwenye maelezo. Sikushuku vibaya. Huenda ipo, huenda ililipia kitu ambacho hukutaka Shangazi ajue, na si lazima nijue. Ila angalia: kama ipo, pamoja na 2,110,000 unazo 4,010,000. Ongeza nusu ya mzigo ulioko ghalani, ambao kwa bei uliyonunulia ni kama 700,000, na kama bei imepanda ni zaidi. Hapo unabakiza 1,690,000. Na lile fungu la kumi, likirudi, linashusha deni hadi 1,050,000. Hilo ni deni la misimu michache ya giza kwa mwanamke anayeijua Mwaloni kama wewe. Siyo 6,400,000 iliyokuwa inakukalia kifuani saa nane ya usiku.

Kama haipo, basi hesabu ni nyingine, na ni vizuri uifanye na baba watoto kabla hujaifanya na meneja. Mketi chini, mzime simu zote mbili, mwandike kwenye daftari lake la mbao kama hamna lingine. Akikwambia tena utupe laini, muulize ni namba gani mteja wa Kahama atakayoipiga mkishaitupa.

Niandikie ukitoka tawini. Na ule mzigo wa ghalani uufunike vizuri, huku kwetu leo mawingu yamekaa upande wa ziwa.

Shangazi